Nunua Ile Ndefu

4 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini u mzima na kifua hakikusumbui. Mimi sijambo. Najua umeapa hupokei simu yangu, kwa hiyo naandika. Ukitaka kuitupa barua hii, itupe baada ya kuisoma.

Jarida moja la safari limenipa kazi ya majaribio. Mwisho wa mwezi naondoka kwenda mji mmoja wa milimani kupiga picha za mafundi: mfinyanzi, mshona viatu, wachonga milango, na vichochoro wanamokaa. Picha zikipendeza wananiajiri, nizunguke nchi kwa nchi kwa gharama yao. Zikiharibika, basi. Ni kazi niliyoitaka tangu nikiwa nakuoshea trei za dawa kwenye chumba cha kusafishia picha.

Shida ni lenzi. Yangu iliniponyoka kwenye ngazi, sasa pete yake haizunguki. Mhariri anataka mtu wa begi moja dogo na lenzi moja, maana kule ni kupanda kwa miguu. Dukani zipo mbili. Ya kwanza ni ya milimita ishirini na nne hadi mia na tano. Ukiifungua inaingiza chumba kizima, ukiivuta inamleta mtu wa ng'ambo ya barabara. Ya pili ni sabini hadi mia tatu. Hiyo inamleta hata ndege wa mlima wa pili, ila inakutaka usimame mbali. Muuzaji anazisifu zote mbili, ilimradi nitoke na moja. Wewe umeshika kamera kabla sijazaliwa. Ninunue ipi?

Msalimie shangazi.

Mwanao


15 Machi

Kwako Kichwa Ngumu,

Marahaba. Kifua changu kipo palepale, siku unaondoka hukukiuliza. Najibu kwa sababu shangazi yako amekaa mlangoni na kasema hatoki wala hanipikii mpaka niandike.

Nunua ile ndefu, ya mia tatu. Hiyo nyingine ni ya watalii wanaopiga picha sahani zao na vidole vyao vya miguu. Mpiga picha wa kweli husimama mbali. Lakini napoteza wino. Hujawahi kunisikia, hutaanza leo. Chukua unachotaka, uniache na studio yangu.

Baba yako


29 Machi

Baba, shikamoo.

Hamjambo nyote? Mimi mzima, ila nina haraka. Gari linaondoka alfajiri, na huko niendako barua hazitanifikia.

Hii utaipenda. Nimenunua ile ndefu. Moyoni nilikuwa nimeshachagua ile nyingine, mkono umeshaishika, nikairudisha kabatini. Shangazi aliniambia kuwa wateja wakija unawaonyesha picha zangu za gazetini, ukidhani yeye hakuoni. Nikasema basi, kwa mara moja, ngoja nimtii mzee huyu. Tumegombana vya kutosha.

Nikirudi tutaongea vizuri.

Mwanao


8 Aprili

Marahaba, marahaba.

Salamu baadaye. Irudishe dukani. Kama umeshapanda gari, shuka. Danganya, sema ina ufa, lia ikibidi, wakupe ile ya ishirini na nne. Karakana ya mfinyanzi ni chumba, si uwanja wa mpira. Utasimama wapi wewe, juu ya paa?

Nani alikuambia unitii?

Baba


21 Mei

Baba,

Shikamoo nakupa kwa mazoea. Hali yako leo siulizi.

Barua yako nimeikuta jana sakafuni, mwenye nyumba aliisukuma chini ya mlango nikiwa safarini. Nimeisoma nimesimama, begi bado mgongoni.

Nikueleze nilichovuna huko. Kwa mfinyanzi niliegemea ukuta mpaka shati likajaa chokaa, na bado lenzi ikanipa sikio lake. Sikio, baba, kubwa, safi, unaweza kuhesabu vinyweleo. Kwa mshona viatu nikapata kidole gumba na sindano. Nikatoka nje nimpige picha kupitia dirishani, akadhani nampeleleza, akafunga dirisha. Vichochoro vya kule watu wawili wakipishana lazima mmoja ageuke ubavu. Nirudi nyuma niende wapi? Milima nimeileta, mizuri sana. Nikaanzia kwa mhariri kabla ya kufika nyumbani, akazipitia zote, kisha akauliza, watu wako wapi? Kazi kapewa mwingine.

Kwa hiyo ulijua. Uliisifu ukijua haifai, ukategemea nitakufanyia ukaidi ninunue iliyo nzuri. Mimi ni nini kwako, punda wa kuvutwa mkia ili aende mbele? Nilikuuliza swali la mtu mzima, ukanijibu kama unacheza na mtoto. Kazi niliyoitaka maisha yangu yote imekwenda kwa sababu ya mchezo wako.

Nijibu moja tu. Siku naondoka ulisimama mlangoni pa studio ukasema, nenda, hapa huna kazi, tena usirudi. Na hilo nalo ulilisema kinyume?

Mwanao


2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi si mzima. Tangu barua yako ije chakula hakipiti.

Ndiyo. Nililisema kinyume.

Ungekuwa wewe, ungefanyaje na mtoto kama wewe? Ukiambiwa vaa sweta, unavua. Marehemu mama yako alipotaka ule, alikuwa akisema sahani hii ni ya baba, usiiguse, nawe unaikomba mpaka chini. Nilikukataza chumba cha kusafishia picha ili ukipende, ukaingia kwa ukaidi, ukakipenda, ukanishinda kazi. Siku ile nilipoona umefunga mizigo, nilijua nikikuomba ubaki utakimbia. Nikasema nenda. Ukaenda. Maishani umenitii mara mbili tu, na zote mbili umenikata miguu. Halafu makosa yote niyabebe mimi? Na wewe una lako. Mtu hawezi kukaidi miaka yote, halafu siku moja akaamua kuwa mtiifu bila kunipa taarifa.

Sasa nasema lililonyooka, ingawa sijazoea. Tafuta ile ya ishirini na nne hadi mia na tano. Ndiyo lenzi ya msafiri, mtu akikukaribisha ndani unaweza kuingia. Halafu rudi nyumbani. Kiti chako kipo, studio ni yako. Shangazi yako anaongea mpaka anajijibu mwenyewe, nami sina wa kugombana naye vizuri. Nimekukosa. Rudi, mwanangu.

Baba yako


20 Juni

Baba, shikamoo.

Pole, na ule hata kama hupendi. Mimi ni mzima. Ile ndefu nimebadilishana na jamaa anayepiga picha za mechi, naye alikuwa na ile ya ishirini na nne, imekwaruzika mwili lakini kioo chake kizima. Nitarudi kwa mfinyanzi kwa nafasi yangu, nimwombe tena. Hakuna jarida nyuma yangu safari hii, na sijui nani atazitaka hizo picha.

Barua yako nimeisoma na kuirudia nikitafuta mahali ulipogeuza. Sikupaona. Nikiwa nakuoshea trei zako nilikuwa nategea sikio nisikie neno moja tu, kazi nzuri, au kaa hapa na mimi. Ungelisema wakati ule ningekaa. Unasema ningekimbia, lakini hukujaribu hata mara moja, baba. Nikazoea kuishi bila hilo neno. Sasa limekuja, nami silitaki tena.

Nina hasira na wewe, na sijui itaisha lini. Nikirudi, kila utakaposema umeshiba nitajiuliza kama una njaa. Kila utakaposifu picha yangu nitaichana. Siwezi kukaa nyumba hiyo.

Umeniomba nirudi, na kwa mara ya kwanza najua unachotaka. Nami nakujibu kwa neno moja. Lichukue lilivyo, usiligeuze.

Hapana.

Mwanao