Panya wa Waya wa Kioo

Jumatatu, 18 Novemba

Asubuhi nimegeuza dishi la jirani yangu Kaaya, kama kawaida baada ya upepo. Nusu digrii tu. Mtu mwingine angeshinda juu ya bati mpaka adhuhuri. Hapa Moshono hakuna runinga iliyowahi kushika bila mkono wangu, na nasikia hata setilaiti zikipita juu ya Meru hupunguza mwendo zikiliona bati langu. Shule niliacha darasa la sita. Walikuwa wameishiwa vya kunifundisha.

Mchana wamekuja watu wa intaneti kwangu. Dishi langu mwenyewe nimeliteremsha. Fundi ni binti, anaitwa Upendo. Shikamoo yake nzuri, mikono myepesi. Ametoa waya mwembamba, akasema ndani yake kuna kioo, na picha itapita humo ikiwa mwanga. Nikamwambia najua.

Nilikuwa sijui.

Jumanne, 19 Novemba

Imeshika. Chenga hata moja hakuna. Mvua imenyesha kwa hasira, picha haikutikisika. Dishi lingekuwa limezima zamani. Nimemrudisha nyuma msoma habari mara tatu aseme jambo lile lile. Hakukasirika.

Mama amefurahi kuliko mimi. Tangu miguu yake ikatae, huu mwaka wa pili hajakanyaga usharika wetu wa Kikatiti. Na Jumapili hii mjukuu wake Anaeli, binti wa dada yangu, anapata kipaimara. Ibada itaonyeshwa mubashara mtandaoni. Nimemwambia Mama atamwona mjukuu mkubwa kuliko alivyo. Ameshatoa kitenge chake kipya sandukuni.

Jumatano, 20 Novemba

Jambo moja linanisumbua. Msoma habari yuko Dar es Salaam. Anageuzwa mwanga, anapita Chalinze, Korogwe, Moshi, anapita hata Kikatiti bila kusalimia mtu, anapinda kona ya kwangu, anaingia kwenye kile kiboksi cheupe alichofunga Upendo ukutani. Akitokea kwenye kioo, tai yake bado imenyooka. Inawezekanaje? Na huo mwanga una rangi gani?

Upendo alisema kiboksi cha ukutani kisifunguliwe. Hakusema kwa nini. Hilo limeniwasha siku nzima.

Nimemwambia Kaaya kwamba mwanga nimeshauona, ni wa bluu, una joto la kukausha kahawa. Ameomba nimwite auone. Nimesema nitapanga.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimekagua kiboksi. Kukagua tu, kwa bisibisi ndogo.

Saa kumi jioni runinga imezima. Ruta, kile kifaa cha intaneti, inawaka taa nyekundu. Panya. Nyumba hii ina panya mkubwa, nimemwona, amezidiwa kidogo tu na mbwa. Amekula waya.

Nimepiga simu kampuni. Wamesema fundi atakuja Jumatatu. Nimewaeleza vizuri kwamba Jumapili inatangulia. Wamenishukuru kwa kupiga.

Mama ameuliza kama ni mvua. Nikasema panya. Ameniangalia muda mrefu.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimeazima paka wa Kaaya, kwa ajili ya ushahidi. Paka amelala kutwa juu ya ruta kwa sababu ina joto. Kaaya amesimama mlangoni kwangu anacheka. "Baba Eli, tangu lini panya wa Moshono wakala vioo?" Nimemjibu panya wa zamani walikula maharage, wa siku hizi wamesoma.

Nimepanda juu, nimerudisha dishi langu. Limeshika stesheni kumi na kitu. Mchungaji wetu hayuko hata kwenye moja. Nimeleta simu, nikajaribu kumwonyesha ibada ya zamani kwa bando. Mama ameisogeza karibu, ameisogeza mbali, akasema humo anaona sisimizi.

Kitenge amekikunja. Hajakirudisha sandukuni. Kimekaa kwenye kiti.

Nina hofu. Naandika hivyo hivyo, nina hofu.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimempigia Upendo mwenyewe, alikuwa ameniachia namba. Nimemweleza habari ya Mama, miguu, mjukuu, kesho. Sikuongeza chumvi. Imekuwa vigumu kuongea hivyo.

Amekuja mchana kutoka Kaloleni alikopanga, na ni siku yake ya kupumzika. Amefungua kiboksi huku nikimweleza habari ya panya. Halafu: "Mzee, panya wenu anatumia bisibisi?"

Mama amecheka mpaka akakohoa. Mimi nimesema nyumba hii ina wanyama wengi.

Ameunga kwa mashine. Kioo chenyewe ni kama unywele, ukikikunja tu kinakatika. Nikauliza picha inapitaje humo. Akasema inakatwa vipande vidogo vidogo, vinasafiri, ruta inavipokea, kile kiboksi cha chini ya runinga kinavipanga upya, ndiyo maana huchelewa kidogo. Kwa hiyo ni kama ndizi za mtori, ila mwishoni unarudishiwa mkungu mzima. Nimeuliza na rangi ya mwanga. Amesema jicho la mtu haliuoni, na nisichungulie tena, unaumiza macho. Tena. Amelisema neno hilo polepole.

Taa ya kijani.

Jumapili, 24 Novemba

Mama amevaa mapema, kitenge na kilemba, Biblia mapajani. Wimbo ulipoanza ameimba. Waumini waliposimama, naye amejiinua kwa mikono, kidogo, akakaa.

Katikati ya ibada dada amenipigia, ananong'ona kutoka ndani ya kanisa. "Ameshawekewa mikono. Mmemwona?" Kwenye runinga Anaeli alikuwa bado kwenye mstari, anarekebisha kola. Sisi tulikuwa karibu dakika nzima nyuma ya Kikatiti.

Mama akasema, "Mwambie anyamaze. Sisi hatujafika huko."

Tukasubiri. Anaeli akaitwa, akapiga magoti, gauni jeupe. Mchungaji akaweka mkono. Mama naye akainua wake, akauweka hewani mbele ya runinga, usawa wa kichwa cha mtoto. Hakuuteremsha mpaka mchungaji alipoondoa wa kwake.

Hapo sijaongeza kitu.

Alasiri Kaaya amekuja kumchukua paka. Paka amegoma, bado amelala juu ya ruta. Kaaya ameuliza kama amekamata lolote. Nimesema panya amehama.

Panya hayupo. Nilifungua mimi. Nilivuta waya, nikafumba jicho moja, nikachungulia kwa jingine mpaka shingo ikauma.

Palikuwa giza tu.