Yaya mwenye bangili ya mgeni

Shernette, shoga yangu, nimechoka mpaka roho.

Niko na wanangu hapa ufukweni Negril, mara yangu ya kwanza kulala hotelini kama mgeni, ile bangili ya plastiki wanayovishwa wageni mkononi.

Sasa, mtoto mmoja wa kizungu alikuwa anakimbia ukingoni mwa bwawa. Nikamkemea kama tunavyomkemea mtoto wa yeyote mtaani kwetu: "Wewe, njoo ukae hapa kabla hujang'oka meno." Akaja akakaa. Dada yake naye akaja.

Saa mbili nzima. Nawapaka mafuta ya jua, nawamenyea maembe, nawapeleka chooni. Wanangu wamenuna.

Mama yao akatokea, ameshalala akaamka. "Asante, yaya. Na kesho saa tatu asubuhi, sawa?"

Yaya, Shernette. Na bangili nimevaa kama yake.

Unajua nilimjibu nini? Ile miaka kumi na moja niliyotandika vitanda vya wageni ndiyo iliyojibu: "Sawa, madamu."

Nikageuka, mwanangu Kadisha ananitazama.

"Mama, kwa hiyo kesho sisi tutakaa na nani?"