Kete Tano za Baba

Jumatatu, 3 Julai

Baba kacheka! Kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliobaki na nguvu, lakini kacheka. Tangu kiharusi kimchukue ulimi mwezi wa tatu sikuwahi kumwona hivi. Kaka yangu Naivo kamwekea gemu ya fanorona, mchezo wetu wa kete, kwenye simu, na upande wa pili yuko Mzee Razafy, huko Mahajanga alikohamia kwa mwanawe. Miaka thelathini walicheza hawa wawili kwenye jiwe letu la uani, wakitukanana hadi ubaridi uwafukuze. Leo wamecheza tena. Baba kafungwa. Kesho atatoa vela, deni la aliyefungwa.

Jumanne, 4 Julai

Matangazo! Kila baada ya hatua tatu, linaruka moja. Sabuni. Mikopo. Mfalme anayezama, eti mwokoe. Kialama cha kufunga ni kidogo kuliko punje ya mchele, na kidole cha Baba kinatetemeka. Akigusa pembeni kidogo, anapelekwa kupakua gemu asiyoitaka. Nami nipo chumba cha pili nadarizi vitambaa vya watu, sisikii. Alipofanikiwa kurudi, dakika yake ya kucheza imekwisha: "Mchezaji ameondoka."

Ameondoka — katikati ya vela! Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha: aliyefungwa hujitolea kete kumi na saba, moja moja, bila kula hata moja, ndipo aanze kupigana kwa zile tano zilizobaki. Ndivyo unavyomkubali aliyekushinda. Baba alikuwa ametoa tisa tu.

Jumatano, 5 Julai

Mialy, mjukuu wa Razafy, kapiga simu. Babu yake kanuna, hataki hata uji. Nikamsikia mzee mwenyewe nyuma yake akifoka.

"Mwambie baba yake, huyo Ratsimba, kufungwa si msiba! Hata watoto wa sokoni hutoa vela!"

Nikamwambia ni matangazo, mzee wangu.

"Matangazo gani? Mimi nacheza na mtu, sichezi na redio!"

Sauti ilikuwa juu. Baba kasikia yote. Kafumba macho, machozi yakamtoka. Nilitamani kuitupa ile simu kisimani.

Alhamisi, 6 Julai

Naivo kasema tuzime intaneti, matangazo yatakoma. Sawa — na Razafy naye atakoma! Kulipia yaondoke? Wanataka kadi ya benki. Nani hapa nyumbani ana kadi?

Nimechoka.

Ijumaa, 7 Julai

Nimemwomba Mialy hadi nikaona haya. Razafy amekubali mara moja tu: Jumapili, baada ya kanisa. "Akikimbia tena, basi, alifute jina langu." Ndivyo alivyosema.

Nimemfanyisha Baba mazoezi. Nimechora vialama vidogo kwenye karatasi, avigonge. Kumi, kapata viwili.

Jumapili, 9 Julai

Nimeketi ubavuni pake tangu saa nane mchana. Yeye anasogeza kete, mimi nafunga matangazo. Mfalme kazama mara sita. Kete ya kumi na tano. Ya kumi na sita. Ya kumi na saba! Vela imetimia, bila kasoro. Baba kanishika mkono. Zake tano, za Razafy ishirini na mbili, na zamu ya Razafy.

Tukangoja.

"Mchezaji ameondoka."

Safari hii si sisi! Nimekodolea kioo macho. Kwa nini sikuwaza hili mapema? Kule nako kuna matangazo. Kule nako kuna kidole cha mzee. Au kakasirika — kasubiri Baba ajishushe mpaka mwisho, kisha akaondoka kulipiza. Nampigia Mialy, haipokelewi. Mara nne sasa.

Baba ananitazama. Anataka nimwambie ni lipi. Nimesema mtandao, Baba, mtandao tu. Hakuniamini, nimeona.

Sasa kaelekeza kidole uani. Nimemleta kwenye jiwe, nikamfunika shuka, maana kuna baridi. Kapanga kete zake tano, polepole, moja ikamwanguka nikaiokota. Za Razafy kaniachia nipange mimi. Nimepanga zote ishirini na mbili. Ni zamu ya Razafy, na Baba hanitazami mimi, anatazama kile kigoda kitupu alichokuwa akikalia Razafy. Simu iko kwenye mapaja yangu. Imewaka — nimeruka! Tangazo.