Matanga ya Kompyuta

Kamwene, dada yangu, nakusalimu kwa salamu ya kwetu,

Barua yako nimeipata. Naamini hujambo, na mama anakula japo kwa kulazimishwa. Mimi ni mzima wa mwili. Hayo mengine ndiyo yaliyonikalisha niandike, maana umeniuliza kwa hasira, na una haki: "Baba amezikwa, hujaja, hujaandika, hata pole hujampa mama. Una moyo gani?"

Dada, sikuwa na moyo wowote. Barua ya kifo ilinifikia huku Nanyamba baba akiwa ameshazikwa. Niliisomea mlangoni mwa darasa, watoto wa la sita wananisubiri. Nikaikunja, nikaingia, nikawafundisha namna ya kuzima kompyuta bila kuchomoa waya. Nilifundisha vizuri tu. Jioni nikasonga ugali wa muhogo, nikala, nikalala. Nilingoja machozi kama mtu anayengoja basi lililokwisha pita. Nilikufa ganzi, na hapa kijijini sikumwambia mtu. Wakiniuliza habari, nasema nzuri.

Unakumbuka baba alivyokuwa akinitania kwenye barua? "Hizo kompyuta zenu zinakula nini?" Zinakula dizeli, nilimjibu, maana umeme hatuna. Wazazi wanachangia mafuta ya jenereta wakishauza korosho, tunawasha mara moja kwa wiki. Siku nyingine watoto wanabonyeza herufi nilizowachorea kwenye maboksi. Siku ya kwanza tulipowasha mashine zenyewe, msichana mmoja, Zuhura, aliandika jina lake, akaliona kwenye kioo, akarusha mikono nyuma. "Mwalimu, limenijua!" Nilikuwa nimwandikie baba hilo. Angecheka mpaka akohoe.

Sasa sikia. Stoo ya shule ndiyo chumba pekee hapa chenye nondo na kufuli la maana, na ufunguo anao Bi Somoe, mwenyekiti wa kamati ya shule. Ni mama mtu mzima, mkulima wa mikorosho, mkali kama pilipili, lakini akianza kucheka hujizuii. Yeye ndiye aliyeamua kompyuta zilale humo. Msimu wa kupuliza dawa ulipofika, wakulima nao wakaleta mifuko yao ya salfa, ule unga wa manjano wa kukinga mikorosho na ukungu. Salfa ni ghali na wezi wanaipenda, na huku vitu vya thamani huwekwa pamoja, chini ya jicho moja. Bi Somoe akaipanga mifuko ubavuni mwa kompyuta, akazifunika kompyuta kwa khanga zake mwenyewe zisipate vumbi. Nilimshukuru.

Tulipokuja kuziwasha, baada ya wiki nyingi bila dizeli, zote kimya. Fundi akaja kutoka Mtwara mjini, akafungua moja, akanusa, akatikisa kichwa. Shaba zote ndani zilikuwa zimeliwa, nyeusi tii. "Mwalimu, salfa na kompyuta haviishi nyumba moja. Hizi ndiyo zimekwenda." Nikamwambia ahsante, karibu chai. Watoto walilia. Mimi nikawaambia watoe madaftari.

Kesho yake asubuhi nikaona kina mama wanaingia shuleni na mikeka, Bi Somoe mbele. Wamejitanda khanga, wamebeba kuni na unga wa muhogo. Hapa mtu akipata hasara kubwa, nyumba ikimuungulia tuseme, haachwi peke yake. Watu huja kukaa naye kama mfiwa. Wakatandika barazani, wakanikalisha katikati. Kila anayefika ananishika mkono: "Pole, mwalimu. Nsiba nkubwa huu." Jamani, matanga ya kompyuta! Siku nyingine ningeuma mdomo nisicheke.

Bi Somoe akakaa mbele yangu. "Ufunguo wangu, salfa yangu. Nimeziua mimi, mwanangu. Nisamehe."

Nilitaka kumwambia hapana mama, hukujua. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ambayo siijui. Nililia, dada. Nililia mpaka kamasi, nimeng'ang'ania khanga yake. Kina mama wakalia nami, ingawa niliwaona wengine wanatazamana: mwalimu gani huyu anayelilia mabati?

Bi Somoe akanishika kidevu. "We mwalimu, zitaletwa nyingine. Mbona unalia kama uliyefiwa na baba?"

"Nimefiwa na baba," nikasema.

Akaniachia kidevu. Akauliza tangu lini, nikamwambia. Akauliza nani anajua, nikamwambia hakuna. Akasonya, haki ya Mungu, msonyo mrefu, na machozi yanamtoka. "Umekaa na maiti kifuani peke yako! Kila asubuhi tunakuuliza habari, unasema nzuri! Sisi kwako ni nani?" Halafu akawageukia wenzake, akawaambia hakuna kuondoka. Wakakaa upya, safari hii kwa ajili ya baba. Waliniuliza jina lake, wakamwombea dua, yeye Mlutheri wa watu. Sidhani kama angekataa.

Nisikudanganye kwamba nimepona. Bado siku nyingine nasimama na chaki mkononi sijui nilitaka kuandika nini. Lakini umeuliza kama nitakuja, na umesema msalaba haujawekwa, mnanisubiri mimi. Nisubirini. Shule ikifunga Septemba napanda basi. Bi Somoe ameshabangua korosho za kumpelekea mama, na ameniagiza nimuulize kama baba alikuwa mtu wa kucheka.

Mpe mama pole yangu, mwambie imechelewa lakini ni yangu kweli. Msalimie shangazi anayelala naye, shemeji, na mdogo wetu anayechonga huo msalaba. Yeye mwambie aupige randa vizuri, lakini jina la baba asiliandike. Herufi hizo nitaziandika mimi, kwa mkono wangu.

Mdogo wako,
Sabina