Ng'ombe Hawanywi Hesabu

Mjukuu wangu Naserian,

Neema ya Mungu ikukute salama huko Kitengela unakojifunza umeme. Nyanya yako ni mzima.

Umeniuliza kuzidisha volti kwa ampea humfaa nani. Kiangazi kimoja cha ujana wangu, jenereta ya kisima chetu ilibeba wati elfu tatu tu. Pampu ilivuta ampea kumi kwa volti mia mbili arobaini: wati elfu mbili mia nne. Kinu cha unga kilitaka wati elfu moja zaidi, jumla elfu tatu mia nne.

"Ng'ombe hawanywi hesabu! Washa vyote!" baba alinikemea, mifugo ikilia kwa kiu.

"Jenereta itaungua, baba, wakose maji kabisa."

Mama, aliyengoja kusaga mahindi, akalikalia gunia lake. "Basi wanywe kwanza."

Pampu ilivuta maji hadi giza, kwa hiyo jioni hapakuwa na ugali. Tulikunywa maziwa, na sala ya baba ya kushukuru ilikuwa ndefu kuliko zote.

Mungu aongoze mikono yako.

Babu yako