Nafasi Juu ya Mstari

Jumatatu, 6 Julai

Nimejaza maji kwenye pikapu ya Baba kabla ya shule, kama kila siku. Baridi kali, vidole vimekufa ganzi. Chupa ya plastiki kando ya rejeta ina mstari wa kipimo, lakini Baba anataka ijae mpaka mdomoni. Anapeleka karoti Morogoro mjini, na kurudi huku Mgeta ni mlima mtupu.

Jioni chupa imemwaga maji tena. Baba anasema kuna mahali panavuja.

Jumatano, 8 Julai

Baba ametengeneza jioni hii, injini ikiwa bado ya moto. Ule mpira mwembamba unaotoka kwenye mfuniko wa rejeta kwenda kwenye chupa ameufunga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, akakaza kwa meno. Amefurahi sana. "Sasa tuone yatapitia wapi."

Hilo ndilo linaloniogopesha. Kitabu cha fizikia: maji yakipata moto hutanuka. Yanayozidi husukuma mfuniko, hupita kwenye mpira ule, hukaa kwenye chupa. Injini ikipoa, hurudi. Chupa haikuwa inavuja. Tulikuwa tunaijaza mno.

Sikusema. Nilimwamkia, nikapita. Mwoga.

Alhamisi, 9 Julai

Asubuhi mpira mkubwa wa rejeta umenywea kama pakiti ya juisi iliyofyonzwa. Maji yamekosa njia ya kurudi.

Nimejifunza maneno ya kumwambia Baba njia nzima ya shule. Jioni alikuwa na wageni.

Jumamosi Mama anaenda naye sokoni. Nimeomba niende.

Jumamosi, 11 Julai

Kurudi tulibeba mifuko ya mbolea. Katikati ya mlima mshale wa joto ukafika kwenye nyekundu. Baba akafungua boneti. Mpira mkubwa umevimba, mvuke unapiga mluzi. Akashika kitambaa, akaenda moja kwa moja kwenye mfuniko. Mama ameinama karibu yake, anachungulia.

Nikamvuta Baba mkono. Nikapiga kelele: "Baba, usifungue! Yatawaunguza."

Baba akaurudisha mkono nyuma. Nilitamani ardhi inimeze.

"Kumbe mwanao ana sauti," Mama akasema.

Tulikaa kwenye jiwe mpaka injini ikapoa. Nikaeleza huku nikitazama viatu vyangu. Nikatumia mfano wa jikoni: Mama hajazi sufuria ya maziwa pomoni, maana anajua yatapanda.

"Na mimi nikayafungia mlango," Baba akasema. Akatoa kisu, akakata utepe. Tukaongeza maji kwenye rejeta. Kwenye chupa tukaishia kwenye mstari.

Jumapili, 12 Julai

Jana tulipofika nyumbani maji yalikuwa yamepita mstari. Asubuhi hii, kabla ya kanisa, nilimkuta Baba amefungua boneti, ameinama. Maji yako kwenye mstari. Hakuna aliyeyagusa.

Nilikuwa nimeshika kidumu, kwa mazoea. Baba akatazama chupa, akanitazama mimi.

"Kirudishe ndani, mwalimu."

Nikakirudisha.