Udi Msituni

Zuhura mjukuu wangu,

Hatujambo. Mke mwenzio, bibi yako, kang'olewa jino lakini maneno bado anayo.

Unauliza kama urudi, maana miezi miwili huko Guangzhou hujapata rafiki. Ujanani nilifuata vitambaa India ya kusini, mwenyeji wangu akanipeleka hifadhi ya msitu nione tembo. Mimi, kwa kuwa nakwenda ugenini, nikajifukiza udi, nikajimwagia marashi. Hatukuona hata nyani. Mlinzi wa msitu akacheka, "Bwana harusi, wamekunusa tangu getini. Keti, msitu ukuzoee."

Nikaketi mpaka jasho likamaliza udi. Alasiri tembo akaja na mwanawe, wakanywa maji mbele yangu kama sipo.

Usirudi kwanza. Keti mgahawa uleule wa mtaa wenu wa Dengfeng kila siku, ule polepole. Tembo wako yu njiani.

Mumeo mzee, anayenukia bado.